Baridi ya Bure

Nyumbani kwetu Matogoro kitu kisichofunikwa si kitu. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, makochi yana vitambaa mgongoni na mikononi, na kabati la vyombo, lile la vioo, lina kitambaa cheupe juu ambacho pembe zake zinaning'inia sawasawa kama zimepimwa kwa rula. Vyote kavifuma mama kwa mkono wake. Laptopu yangu haikuwahi kupata kitambaa. Mama alikuwa akiegesha ungo wa maharage juu yake. Nikimwambia auondoe anauondoa, kesho yake ungo uko palepale.

Mimi napiga picha na video za sherehe. Nina fremu ndogo ya duka Msamala; siku za kazi napiga picha za pasipoti, mwisho wa wiki naenda kwenye harusi, komunyo, kipaimara na misiba. Mama hakuwahi kuihesabu kuwa kazi. Watu wakimuuliza baada ya misa binti yake anafanya nini, alikuwa anawajibu kwamba nipo nipo tu, nahangaika.

Na kweli nilikuwa nahangaika, kwa sababu ya ile laptopu. Ukishamaliza kukata na kuunga vipande vya video, kompyuta inatakiwa ivipike vyote viwe kitu kimoja ambacho mtu anaweza kukaa akakitazama. Sisi tunaita kurenda. Kompyuta yenye nguvu inarenda harusi nzima wakati wewe unakula mchana. Yangu ilichukua kutwa, na mara nyingi ikikaribia mwisho inaganda, bibi harusi jicho moja kafumba, mdomo wazi, na hapo ndipo harusi yake ilipoishia. Naanza upya. Mjini kulikuwa na jamaa mmoja mwenye mashine kubwa, akipiga Jumamosi, Jumatatu anakabidhi. Wateja wangu wakawa wananisalimia kwa upendo mkubwa halafu wanaenda kwake.

Mwaka huo mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa kipaimara, mama mmoja mwenye duka la vitenge, aliniita dukani kwake. Akaniambia kamati imekubali nipige mimi, ila wazazi wamechoka kusubiri. Video ionyeshwe ukumbini Jumapili inayofuata baada ya kipaimara, kila mtoto aonekane askofu akimpaka mafuta. Ikitoka vizuri, jubilei ya masista na sherehe zote za msimu ni zangu. Ikichelewa, watamrudia jamaa wa mjini. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anapima kitenge cha mteja huku anaongea nami, na mimi nilitoka pale nikijua kwamba kwa laptopu ile nafunga fremu.

Pesa nilikuwa nayo kidogo. Zamu yangu ya kupokea kwenye mchezo wa akina mama wa Msamala ilikuwa imefika, nikaiongezea ya pikipiki yangu niliyoiuza. Kompyuta mpya yenye nguvu, ya kwenye boksi, niliuliza bei yake mara moja tu na sikurudia. Iliyobaki ilikuwa kununua vipande kimoja kimoja Dar es Salaam, vingi vikiwa vimeshatumika, fundi wa hapa Songea aviunge.

Aliyesema kuchagua si kazi hajawahi kuchagua vipande vya kompyuta kwa pesa isiyotosha. Ni kama shuka fupi, ukivuta kichwani miguu inabaki nje. Nilitaka prosesa kali, maana ndiyo ubongo. Nikaipata kwa bei nzuri, nikafurahi siku moja, kisha nikaambiwa madabodi niliyoichagua, ile sahani kubwa ambayo vitu vyote vinachomekwa juu yake, haiingiliani nayo. Inayoingiliana nayo ilikuwa ghali kuliko prosesa yenyewe. Nikashusha prosesa. Iliposhuka prosesa nikabakiwa na pesa ya kadi ya picha nzuri zaidi, hiyo ndiyo inayobeba mzigo wa kurenda, lakini kadi ile ilikula umeme mwingi, kwa hiyo ikadai pawa saplai kubwa, nayo pawa saplai ikala pesa ya ram, kumbukumbu ya kufanyia kazi. Nilikuwa nafika mwisho wa hesabu nakuta nimerudi kwenye laptopu.

Na ushauri! Kuna kundi la simu la wapiga video wa nchi nzima, nikafanya kosa la kuuliza mle. Mmoja akasema bila ram nyingi nisijisumbue. Mwingine akasema ram si kitu, niweke pesa yote kwenye kadi. Wa tatu akaniuliza kwa nini sihamii Dar. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba pawa saplai mbovu huunguza vyote vilivyobaki, na la pili walisema kwa sauti karibu moja: feni. Niweke feni za kutosha, kompyuta ikipata joto inajizima yenyewe kujiokoa. Feni tatu, nne, wengine wakataja hata mabomba ya maji ya kupozea.

Hapo nilicheka peke yangu. Hao ni watu wa Dar, wanalala wamevua shati. Mwezi wa sita Matogoro ukungu unashuka kutoka mlimani unakaa mlangoni, na mtu anaingia bafuni kwa ujasiri. Mimi ninunue feni za ziada za kazi gani? Baridi tunayo ya bure. Nikafuta feni zote isipokuwa zile ndogo zinazokuja na kasha la kompyuta lenyewe, nikajiona nina akili kuliko kundi zima.

Manunuzi nilimkabidhi mjomba, mdogo wake mama, anayeishi Dar. Kutuma pesa kwa muuzaji nisiyemjua sikuweza. Mjomba ni mwaminifu sana, ila ana ugonjwa mmoja: kupunguziwa bei. Kwake kununua kitu kwa bei iliyotajwa ni kutukanwa. Nilimwandikia kila kipande kwa jina lake na herufi zake na namba zake, nikamwomba asibadilishe hata herufi moja. Kasha nililochagua lilikuwa bati jeusi lenye matundu mbele, baya na la bei ya chini. Siku ya siku akanipigia akiwa Kariakoo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Sikia, lile kasha lako nimelikataa. Lilikuwa kama banda la kuku. Nimekuchukulia la vioo, lina taa ndani za rangi rangi. Kizuri chajiuza, mwanangu."

Nikamuuliza pesa ya vioo imetoka wapi. Akasema muuzaji kampunguzia kote, kisha lile boksi la umeme akampa dogo kidogo, lakini kazi ni ileile, na taa kapewa bure. Boksi la umeme ndiyo pawa saplai. Kitu kimoja ambacho nchi nzima ilikubaliana nisikibanie, mjomba alikuwa amekibadilisha kwa taa.  Nikamwomba kwa adabu yote niliyobaki nayo arudi akachukue ile kubwa. Alirudi, akaudhika, na ili itoshe ikabidi niache nusu ya ram. Kasha la vioo muuzaji alikataa kulipokea tena. Mjomba naye nadhani hakulisukuma sana.

Mzigo ulikuja na basi. Mjomba alikuwa amelifunga kasha ndani ya kiroba pamoja na kanga mbili za dada yake, na nazi, kwa sababu mtu hatumi mzigo Songea bila kumkumbuka dada yake. Nazi na vioo katika kiroba kimoja, kutoka Dar mpaka Songea. Nilikifungua pale stendi nikiwa tayari kulia, na vioo vilikuwa vizima, sijui kwa rehema gani. Fundi akaviunga vipande dukani kwake karibu na soko, ikawaka, nikaipandisha Matogoro kwa bajaji nikiwa nimeikumbatia. Kwenye fremu nisingeweza kuiacha, milango ya pale inafunguliwa kwa kijiko.

Mama aliizunguka. Ilikuwa imewaka, taa za mjomba zinabadilika, nyekundu, kijani, buluu, na ndani mle kwenye vioo vitu vimepangwa kama vyombo. Hakusema kitu juu ya bei. Aliuliza tu kama vioo hivyo vinafutwa kwa maji au kitambaa kikavu. Jioni hiyo nilimwona katoa nyuzi zake za sufu nyeupe na za buluu, kaanza kufuma kitu kikubwa. Nikadhani ni cha binti wa kaka yangu anayeolewa mwezi wa nane. Ungo wa maharage ukahamia juu ya stuli.

Kipaimara kikafika, nikapiga vizuri, hilo nalisema bila aibu. Jumatatu nikashinda nakata na kuunga. Jumanne asubuhi nikaiweka irende, nikaenda Msamala kwenye picha zangu za pasipoti na moyo mwepesi. Niliporudi jioni nilikuta imezimika, na juu yake kuna kitambaa kipya. Mama alikuwa amemaliza kufuma. Kilikuwa cheupe, pindo la buluu, ndani kimeshonewa satini, kinashuka pande zote nne mpaka mezani kama gauni. Sijawahi kuona kitambaa kikubwa hivyo cha mkono wake. Lakini mimi nilikuwa natafuta video yangu, na video haikuwepo. Ilikuwa imefika nusu ikakatika.

Nikamuuliza mama kama umeme ulikatika. Akasema hajui, yeye alikuwa anaingia na kutoka, ila imezima yenyewe, hakugusa kitufe chochote. Hiyo ilikuwa kweli tupu. Nikadhani ni umeme tu ulicheza kidogo, si ajabu kwetu. Jumatano nikaenda kununua kifaa cha kutuliza umeme, kwa pesa ambayo ilikuwa ya kula, nikairudisha kurenda, nikaenda kazini. Jioni, imezima. Kitambaa kiko juu, kimenyooshwa vizuri.

Alhamisi nikaibeba kwa fundi. Akatoa ram akaisugua kwa kifutio cha shule, akakaza kila waya, akaiwasha na kuichezesha kama saa nzima, nayo ikatulia, haikukohoa. Nilimkasirikia bure. Ilikuwa kama mtoto anayeumwa usiku kucha, akifika zahanati anacheka na daktari. Fundi akaniuliza kama haipati joto. Nikamwambia, joto, mwezi wa sita, Matogoro? Tena kila nikirudi jioni naigusa, ni baridi kama jiwe la mtoni. Akakubali kwamba basi labda ni pawa saplai.

Nikampigia mjomba. Nilimwambia maneno ambayo hayafai kwa mjomba, kwamba alifunga mikataba ya taa akasahau umeme, kwamba muuzaji wake kampa kitu kilichokufa kikapakwa rangi. Mjomba akasema yeye boksi kubwa alilirudia kama nilivyotaka, kwa miguu, juani, na akakata simu. Alikuwa na haki, nami nilikuwa nimebakiwa na siku mbili. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshanitumia ujumbe kuuliza kama viti vya ukumbini vipangwe kuelekea ukuta upi.

Ijumaa asubuhi nikaiweka tena. Sikuwa na njia nyingine. Nikatoka, nikafika barabarani, nikakumbuka betri ya kamera nimeiacha kwenye chaji. Nilirudi na hasira zangu zote, nikanywa chai kabisa jikoni maana siku ilikuwa imeshaharibika, kisha nikaingia sebuleni kuifuata betri.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharage, sakafu imefagiliwa, inanukia maji. Kompyuta ilikuwa imefunikwa. Chini ya pindo la buluu taa za mjomba zilikuwa zinachungulia, na ndani ya kitambaa feni zangu mbili ndogo zilikuwa zinalia, zinapanda, zinapanda, sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nilisimama mlangoni. Nikiwa bado nimesimama, sauti ikakatika na taa zikazimika.

Wiki nzima nilikuwa nikidhani mama anaifunika kwa sababu imezima. Kumbe ilikuwa inazima kwa sababu mama ameifunika.

Nilikivuta kile kitambaa nikakitupa chini. Joto lilinipiga usoni kama la kufungua chungu.

"Mama, unaiua," nikasema. "Wiki nzima unaiua."

Na sikuishia hapo. Nilisema ya kifaa cha umeme nilichonunua bure, ya fundi, ya mjomba, ya pikipiki, ya kwamba Jumapili nitasimama mbele ya wazazi wote wa parokia sina kitu, na yote hayo kwa sababu ndani ya nyumba hii hakuna kitu kinachoachwa kikae kama kilivyo.   Mama aliinuka taratibu kwenye mkeka, akaokota kitambaa, akakipukuta maharage yaliyokuwa yameshika kwenye sufu, akakikunja mara mbili.

"Nilikuwa nafagia," akasema. "Nikaona vumbi linaingia. Ile ya kwanza sikuifunika, ikafa."

 Miaka yote ile ya ungo, kumbe laptopu ilipoanza kunifia alikuwa amejihesabia kosa yeye. Hii ya pili ameifumia kitambaa kikubwa kuliko cha kabati, akakitia na satini ndani ili hata chembe isipite.

Akaweka mkono juu ya kioo, akauondoa haraka kwa moto wake, akaurudisha.

"Hukuniambia kama inapumua. Mtu anayepumua hafunikwi uso."

 Nilikuwa nimewaambia watu wa nchi nzima jinsi kompyuta yangu ilivyo, ila mtu anayeshinda nayo sebuleni sikumwambia chochote, na feni ambazo zingeweza kuiokoa nilizikataa mwenyewe nikijivunia baridi. Hasira bado nilikuwa nayo, haikuwa na pa kwenda tena. Nilichukua betri nikaenda kupiga picha za pasipoti za watu, na nadhani siku ile kila mtu alitoka kwenye picha na sura ya mtu anayesemwa.

Kazi ilionyeshwa Jumapili, nikapewa msimu. Mwenyekiti alilalamika tu kwamba mwanawe kaonekana kwa muda mfupi kuliko wengine, jambo ambalo si kweli. Lakini kazi yenyewe ilipona Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa hivi.

Nilitoa kioo cha ubavuni, nikaisogeza meza mpaka dirishani, nikafungua dirisha lote. Ukungu wa mlimani ulikuwa unaingia ndani bila hodi. Nikaiweka irende. Mama akauliza inachukua muda gani, nikamwambia mpaka mchana kama haitazima, akaleta stuli akaketi kando yake. Nilimwambia hana haja ya kukaa, baridi itamwingia kifuani. Akasema kuku watapita dirishani. Hatukuwa tumezungumza tangu jana yake, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo.

Baridi ikazidi. Mama akainuka, akakichukua kile kitambaa kikubwa juu ya kabati, akakikunjua, akajifunika mabegani, satini ndani, pindo la buluu likashuka mpaka magotini. Kilimtosha kabisa. Akaketi tena hivyo, mikono ndani, anaitazama kompyuta na watoto wa kipaimara wanaopita kwenye skrini yake mmoja baada ya mwingine, paji la uso, mafuta, mwingine. Aliwataja kwa majina ya mama zao. Kuna mahali alicheka. Mimi nilikuwa nasimama, nakaa, naenda jikoni narudi, natazama ule mstari mdogo unaojaa polepole, na kila feni zikipandisha sauti nainama kuzisikiliza.

Mchana ukafika, feni zikashuka. Nyumba ikawa kimya.

Mama akaniangalia. "Imekufa tena?"

"Hapana mama. Imemaliza."

Niliihamishia video kwenye flashi mbili, nikaifungua mwanzo, nikaifungua mwisho, ilikuwa nzima. Mama hakuondoka kwenye stuli. Nilipomaliza akavua kitambaa mabegani, akakishika kwa ncha mbili mbele yake.

"Sasa naweza kuifunika?"

Nikaizima. Nikarudisha kioo, nikachomoa waya ukutani nikamwonyesha ncha yake ili aone mwenyewe, nikamwambia ndiyo. Akaifunika, akazunguka nyuma na mbele akinyoosha pembe zote nne mpaka zikalingana, kisha akaenda kuinjika ugali.